Pima Mwanga Usoni, Usipime Chumba

Vyumba vingi vya ploti za Baba Dogo, hapa Nairobi, vina dirisha moja tu, na mlango ukiachwa wazi ndio dirisha la pili. Mchana nje kunawaka, ndani kuna giza. Mkalishe mtu kwenye kochi, dirisha likiwa nyuma yake, umpige picha: utapata dirisha zuri na mtu asiye na uso.

Kamera haijaharibika. Kipimo chake huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikiona dirisha jeupe, hupunguza mwanga. Kikiona joho jeusi la mahafali, huongeza.

Kwa hivyo msogeze mtu kwanza, kamera baadaye. Majuzi nilimpiga picha nyanya mmoja wa ploti yetu, picha ya kutundika sebuleni. "Shosho, geuza kiti utazame mlango," nikamwambia. Nikazima stima, kwani balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa nje, shavu moja huwa la machungwa na la pili la samawati. Mjukuu akashika manila nyeupe, ile ya kazi za shule, karibu na shavu lililokuwa kivulini. Papo hapo makunyanzi ya chini ya jicho yakajitokeza.

Kazi ikabaki kwenye kitambaa chake cheupe cha kichwa. Uso mweusi ndani ya kitambaa cheupe ni mtihani kweli. Weka kamera ipime nukta moja, uielekeze shavuni, kisha punguza karibu theluthi mbili za stopu kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko kile kijivu. Ukiiachia kamera, itaing'arisha hadi ifanane na majivu. Halafu tazama grafu ya mwanga. Ikiwa imejibana ukingo wa kulia, kitambaa kimeungua, na kilichoungua hakirudi. Kivuli huweza kuinuliwa, hasa ukipiga kwa RAW (faili ghafi la kamera), ila ukikiinua sana chengachenga hujaa.

Wenye simu, gusa uso kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka kipimo kifungwe, kisha buruta alama ya jua chini kidogo. Usiiachie simu iamue peke yake. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi za picha kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye mwanamke mzungu, na Google ilileta Real Tone, inayozingatia ngozi kama zetu, mwaka 2021 kwenye Pixel 6. Kuchelewa huko kunaniuma, maana albamu ngapi za familia zetu zina nyuso zilizomezwa na giza?

Ukiwa na nafasi ya kuchagua dirisha, kumbuka Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua hupitia kaskazini, na dirisha linalotazama kusini hutoa mwanga mpole. Kuanzia Oktoba mambo hugeuka. Jua likiingia moja kwa moja, tundika leso nyepesi.

Kabla mtu wako hajainuka, kuza picha hadi jichoni. Ukiona mlango mdogo unang'aa kwenye mboni, na rangi ya shavu ni ile unayoiona ukimtazama kwa macho yako, mwache anyooshe miguu.