Watu Wawili Mbele ya Tangazo



Katika somo la mwezi huu tutatazama jambo ambalo huenda baadhi yenu mtasema halina mahali katika jarida la kanisa, yaani matangazo ya biashara ya simu na kompyuta. Tunawaomba mtuvumilie. Jambo hili limo nyumbani mwetu kila siku, na limeingia hata katika parishi yetu, kama tutakavyoeleza mbele.

Kila mmoja wetu amepata kuliona. Familia imekaa jioni mbele ya televisheni, na tangazo la simu mpya linatokea. Vijana wanacheza, muziki unalia, rangi zinabadilika-badilika, na mwisho kabisa linaonekana jina la simu. Mjukuu anatabasamu na kuongeza sauti. Babu anasonya na kuuliza, "Sasa hapo wanauza nini?" Wote wameona tangazo lile lile, kwa dakika ile ile. Kwa nini mmoja amefurahi na mwingine ameudhika? Wengi hujibu upesi kwamba ni umri tu. Jibu hilo halitoshi, kwa maana wako wazee wanaovutiwa na vijana wanaochukizwa. Basi tutafute sababu yenyewe.

Aina mbili za matangazo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, kitu kizuri kisichojulikana hakimsaidii mtu, na si kosa kukitangaza. Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, ilitangazwa kwa maneno machache ya kuwaambia watu watume pesa nyumbani. Mtu aliyefanya kazi Nairobi, na mama yake yuko kijijini, alielewa mara moja. Tangazo lilimweleza kazi ya kitu hicho, naye akapima mwenyewe kama anakihitaji.

Aina ya pili haisemi sana juu ya kitu. Husema juu ya mtu: mwenye kitu hiki ni mtu wa namna gani, na asiye nacho ni wa namna gani. Aina hii ndiyo inayowagawa watazamaji. Mfano wake unaojulikana sana ni matangazo ya kampuni ya Apple ya Marekani. Tutatazama manne, yaliyotolewa katika muda wa miaka 40.

Mifano minne

La kwanza lilionyeshwa tarehe 22 Januari 1984, wakati wa fainali ya mpira wa Kimarekani, mchezo unaotazamwa na mamilioni ya watu katika nchi ile. Lilikuwa la dakika moja, na aliyeliongoza ni Ridley Scott, mtengenezaji wa filamu kutoka Uingereza. Watu walionyolewa vichwa wamekaa safu kwa safu, wanamsikiliza mtawala anayesema kutoka katika skrini kubwa. Mwanamke anakuja mbio na nyundo mkononi, askari wako nyuma yake. Anairusha nyundo, na skrini inapasuka. Wazo hilo lilitokana na riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949, juu ya nchi ambayo serikali humchungulia kila mtu. Kisha watazamaji wakaambiwa kwamba tarehe 24 Januari itatolewa kompyuta iitwayo Macintosh. Bei yake ilikuwa dola 2,495. Tangazo halikueleza kompyuta hiyo hufanya kazi gani. Wakurugenzi wa kampuni walikuwa wameliona mapema nao hawakulipenda, lakini watazamaji wengi walilipenda mno. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu aliweza kujiona kuwa ndiye yule mwenye nyundo.

La pili lilitolewa Januari 1985, katika fainali ya mwaka uliofuata. Safari hii watu wa ofisini, wamevaa suti na kufungwa vitambaa machoni, walitembea mstari mmoja mpaka ukingo wa genge, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Nia ilikuwa kuuza vifaa vya ofisi. Lakini tujiulize, ni nani waliokuwa wakiombwa kununua? Ni wale wale watu wa ofisini. Wengi wao waliliona kuwa ni tusi. Kampuni ilikuwa ile ile, na hadithi ilikuwa ya namna ile ile. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa mtazamaji. Mwaka 1984 aliwekwa pamoja na shujaa, na mwaka 1985 aliwekwa pamoja na wajinga.

La tatu si tangazo moja, bali ni mfululizo wa matangazo zaidi ya 60, tangu mwaka 2006 mpaka 2009. Watu wawili wanasimama bega kwa bega, nyuma yao peupe tupu. Mmoja ni kijana mwenye nguo za kawaida, ametulia, naye anajitambulisha kuwa ni Mac. Mwingine amevaa suti na miwani, mambo yanamshinda, naye anajitambulisha kuwa ni PC, yaani kompyuta ya upande wa pili. Wengi walicheka na kuyapenda. Wengine walichukizwa, na wako waandishi waliosema wazi kwamba yule anayechekwa ndiye aliyependeza zaidi, kwa kuwa yule kijana alionekana mwenye majivuno. Mwaka 2008 kampuni ya Microsoft ilijibu kwa kuonyesha watu wa kazi na mataifa mbalimbali, kila mmoja akisema kwa fahari kwamba yeye ni PC. Tena mwaka 2021, mwigizaji yule yule aliyekuwa Mac, Justin Long, alitumiwa na kampuni ya Intel kuzisifu kompyuta za upande ule aliokuwa akiucheka. Kwake ilikuwa kazi ya mshahara tu, lakini wako watu waliobishana kwa uchungu juu ya jambo hilo miaka mingi.

La nne lilitolewa Mei 2024, kutangaza iPad mpya. Mashine kubwa ya chuma inashuka polepole na kuviponda tarumbeta, piano, gitaa, rangi za kuchorea na vitabu. Inapoinuka, chini yake imebaki iPad nyembamba. Watengenezaji walitaka kusema kwamba vitu vyote hivyo sasa vimo ndani ya kitu kimoja. Lakini wanamuziki, wachoraji na waigizaji wengi waliona vyombo wanavyovipenda vikivunjwa kwa furaha. Baada ya siku chache tu kampuni iliomba radhi, ikakiri kwamba imekosea, na ikaacha mpango wa kulionyesha katika televisheni.

Sababu yenyewe

Kutokana na mifano hii twaweza kusema hivi. Tangazo la aina ya pili hupanga viti viwili, cha heshima na cha aibu, halafu kila mtazamaji hutafuta amekalishwa wapi. Aliyekalishwa katika kiti cha heshima husema tangazo ni zuri. Aliyekalishwa katika kiti cha aibu, au aliyeona kazi ya mikono yake ikidharauliwa, huudhika. Sisemi kwamba hakuna sababu nyingine. Muziki mzuri na picha nzuri huvutia wenyewe, na makelele huchosha yenyewe. Lakini hasira ile inayodumu, na mapenzi yale yanayodumu, hutoka hapa.

Sasa tufungue Yakobo 2:1-4. Hapo Mtume anaeleza watu wawili wanaoingia katika kusanyiko, mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini. Mmoja anaonyeshwa kiti kizuri, mwingine anaambiwa asimame au aketi chini. Hao wawili hawajasema neno lolote. Wamepimwa kwa walichokivaa. Mtume anawakemea, si wale waliovaa, bali wale wanaopanga viti.

Tufungue tena Luka 18:9-14. Watu wawili wamepanda hekaluni kusali. Farisayo hakuomba kitu. Alitoa shukrani kwa kujilinganisha na mwenzake. Ni rahisi kwetu kumhukumu mjukuu anayefurahia simu mpya na kusema huyo ndiye Farisayo. Lakini tuwe waangalifu. Babu anayesonya, akainua kitochi chake na kusema, "Mimi hainidanganyi mtu, hii inanitosha," huenda naye amejilinganisha. Ametoka katika kiti cha aibu na kujitengenezea kiti chake cha heshima. Anayejivuna kwa simu yake kubwa na anayejivuna kwa simu yake ndogo wote wawili wamekubali neno moja la tangazo, kwamba mtu hupimwa kwa simu yake.

Yaliyotupata sisi

Tunaandika haya kwa sababu yametupata. Kijana mmoja aliyepokea kipaimara pamoja na wenzake aliacha kuhudhuria kikundi cha vijana. Tulidhani amelegea katika imani. Baadaye tukajua kwamba habari zote za kikundi zilikuwa zikipelekwa katika kundi la WhatsApp, naye alikuwa na kitochi. Mara mbili alikuja siku ambayo mkutano ulikuwa umeahirishwa, akaukuta mlango umefungwa. Alipouliza, mwenzake alimjibu kwa mzaha kwamba atafute kwanza simu ya kupangusa ndipo awe mwanachama. Mzaha huo haukutungwa na mtoto yule. Aliusikia katika matangazo mamia kwa mamia, akaurudia tu.

Na sisi wazee tulifanya nini? Tulipoambiwa, tulisema, "Afadhali, simu hizo zinaharibu vijana." Tukajisifu sisi wenyewe, na kijana akabaki nje. Vijana walimwekea kiti cha aibu, nasi tukamwacha akae pale pale. Sasa habari za kikundi husomwa kanisani baada ya ibada na kubandikwa ubaoni, pamoja na kupelekwa kwa simu. Kijana huyo bado hajarudi. Wawili kati yetu tumekwenda kwao, tukaomba radhi, na tutakwenda tena.

Tufanye nini?

Hatusemi kwamba simu ni dhambi, wala kwamba kulipenda tangazo ni udhaifu. Twashauri mambo matatu.

Kwanza, tuwafundishe watoto kulisoma tangazo kama tunavyowafundisha kusoma habari. Tuwaulize: Limesema nini juu ya kitu chenyewe? Limemsifu nani? Limemcheka nani? Mtoto wa darasa la tano aweza kujibu maswali hayo, na akishayajibu hadanganyiki kwa urahisi.

Pili, kabla ya kukopa au kuuza mbuzi ili kununua simu, tujiulize: Je, kama hakuna mtu hata mmoja atakayeiona, tungeihitaji? Kama jibu ni ndiyo, kwa biashara au masomo au kuzungumza na watoto walio mbali, basi tununue kwa amani. Kama ni hapana, tukumbuke onyo la Bwana wetu katika Luka 12:15, kwamba uhai wa mtu haumo katika wingi wa mali zake.

Tatu, tukiudhika na tangazo, tujichunguze. Kama limemdharau mwenzetu au kazi ya mikono ya watu, hasira hiyo yaweza kuwa ya haki. Kama limeumiza majivuno yetu tu, tunyamaze na kutubu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni tangazo gani lililowahi kukufurahisha au kukuudhi? Lilikuweka katika kiti gani?
2. Soma 1 Samweli 16:7. Samweli alitazama nini kwanza, na Mungu alitazama nini?
3. Katika kikundi chako, yuko nani asiyepata habari kwa kukosa simu ya kupangusa? Nani atakwenda kumwona juma hili?

Sala

Ee Mungu Baba yetu, ambaye mbele zako hakuna kiti cha mkubwa wala cha mdogo, utuondolee tamaa ya kuwapita wenzetu na haya ya kupitwa nao. Utufundishe kutumia vitu bila kutawaliwa navyo, na kuwapokea wote uliowaita katika nyumba yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.