Bolti za propela zinakatika: nichague zipi?

SWALI: Ninatengeneza malori Busia. Bolti za propela ninazofunga hazidumu, zinakatika kabla gari halijafika Tororo. Nitajuaje bolti imara?

JIBU: Fundi, soma kichwa cha bolti kabla ya kuuliza bei. Bolti ya milimita yenye nguvu huandikwa 8.8, 10.9 au 12.9, pamoja na alama ya mtengenezaji. Chukua mfano wa 10.9: 10 ni nguvu ya kukatika, takriban nyutoni 1,000 kwa milimita mraba, na 9 ina maana kwamba huanza kuvutika bila kurudi ikifika asilimia 90 ya nguvu hiyo. Isiyo na alama ifungie geti, si propela.

Usikimbilie 12.9 pia. Ni ngumu, lakini huvumilia kutu na mshtuko vibaya zaidi. Fuata namba ya bolti iliyotoka kiwandani, na 10.9 iende na nati ya 10.

Alama huweza kughushiwa, kwa hiyo zungushia nati mpya kwa vidole hadi mwisho wa hesi, ikikwama, irudishe dukani. Kaza kwa spana ya kipimo. Bolti iliyokwisha kuvutika usiirudishe garini, hata mwenye lori akibembeleza.