Trela Gani Inafaa Kubeba Trekta Ndogo?

Msimu wa kulima ukikaribia, trekta ndogo huhamishwa kutoka shamba hadi shamba, nyingi zikiwa juu ya trela inayovutwa na pikapu. Barabara ya kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Sotik ina miteremko na kona, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Wakazi hawajasahau Juni 30, 2023, lori lilipopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na watu zaidi ya 50 wakafariki. Mzigo mzito ukikosa kusimama, huumia hata aliye kando ya barabara. Kwa hivyo trela ichaguliwe kwa hesabu, si kwa kukadiria.

1. Jumlisha uzito wote

Soma uzito wa trekta katika kitabu cha mtengenezaji, kisha ongeza vifaa vyake. Chukua mfano wa trekta ya kilo 1,200, rotaveta ya kilo 250 na koleo la mbele la kilo 400. Jumla ni kilo 1,850.

Trela iliyoandikwa kilo 2,000 kwenye kibati chake inaonekana kutosha. Lakini kilo hizo ni pamoja na uzito wa trela yenyewe. Ikiwa tupu ina kilo 700, imebaki nafasi ya kilo 1,300 pekee. Mkulima huyu atafute trela ya ekseli mbili iliyoandikwa kilo 3,000. Ikiwa tupu ina kilo 800, itabeba hadi kilo 2,200.

Trela nyingi za jua kali hazina kibati. Mizani itakuonyesha uzito wake ikiwa tupu, lakini haitakuonyesha nguvu za ekseli. Usiipakie trekta bila kujua.

2. Linganisha na gari

Katika mfano wetu, pikapu itavuta kilo 2,650: trela 800 na mzigo 1,850. Angalia kitabu cha gari. Pikapu nyingi haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 ikiwa trela haina breki zake. Gari kuweza kupanda mlima na mzigo si ushahidi kwamba litauzuia kwenye mteremko. Shuka kwa gea ya chini.

3. Pakia na ufunge

Pakia mahali tambarare, trela ikiwa imeunganishwa na gari. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela na mzigo ilalie kiungo cha kuvutia, bila kuzidi kiwango cha kiungo hicho. Mzigo ukielemea nyuma, trela huyumba. Shusha vifaa, vuta breki ya mkono na ufunge cheni pembe zote nne. Baada ya kilomita chache, simama uzikague.

4. Timiza sheria

Trela husajiliwa na NTSA na huwa na nambari yake. Hakikisha taa na viakisi mwanga vinafanya kazi. Mtu yeyote asipande juu ya trela wala trekta safarini.

Ukikodi trela, muulize mwenyewe maswali matatu: Inabeba kilo ngapi? Breki zake zilikaguliwa lini? Nambari ya usajili ni ipi? Akikosa jibu hata kwa moja, usipakie.