HEMA HALIUAWI NA MVUA
Somo la kutunza hema la jumuiya

Toleo hili nimeombwa niandike kuhusu vifaa vya jumuiya, nami inabidi nianze kwa kuungama. Lile hema kubwa tulilolinunua kwa michango yetu wenyewe, lile tulilokwenda nalo Lake District, limekufa. Na aliyeliua ni mimi.

Ilikuwa hivi. Jumapili asubuhi mvua inanyesha, basi linatusubiri, na kila mtu ana insha ya kukabidhi Jumatatu. Nikalikunja hivyo hivyo na maji yake, nikalisokomeza kwenye mfuko, nikajiambia, "Kesho nitalianika." Kesho ikawa wiki, wiki ikawa muhula. Nilipokuja kulifungua, bwana, uvundo uliotoka ulitufukuza chumbani. Madoa meusi kila mahali, na sakafu yake inanata kama imepakwa gundi. Tukalitupa.

Sasa tunachanga tena ili tununue jingine kabla wageni wetu wa Septemba hawajafika. Wengi wetu rafiki wa kwanza hapa Uingereza tulimpata kwenye safari ile, siyo darasani. Kwa hiyo somo hili tulisome kabla pesa hazijatoka.

Hema la hapa siyo turubai la nyumbani

Sisi tumekua na turubai: la lori, la harusini, la msibani. Likilowa, jua la saa mbili tatu limemaliza kazi. Hapa jua hilo hulipati. Kijiji cha Seathwaite, huko huko Lake District, hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mvua ya Dar es Salaam.

Halafu kitambaa chenyewe ni kingine. Mahema mengi ya siku hizi ni ya nailoni au polyesta. Nyuzi peke yake hazizuii maji. Kinachozuia ni utando mwembamba uliopakwa juu yake, mara nyingi wa poliurethani. Ukiona lebo imeandikwa 3000 mm, maana yake kitambaa kilipopimwa kilihimili maji yenye kina cha mita tatu kabla hayajapenya. Upande wa nje huwekwa pia dawa inayofanya matone yateleze, kama maji juu ya jani la mgomba.

Sasa, mvua inayopiga hema lililosimama haina neno. Hatari ni maji uliyoyafungia ndani ya mfuko. Kwanza, ukungu huota upesi, siku moja au mbili zinatosha kukiwa na joto, nao hujilisha uchafu ulioganda kwenye kitambaa. Pili, unyevu wa muda mrefu huvunja ule utando polepole, mpaka unanata, unanuka na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Ukifika hapo, kulifufua hema ni kazi kubwa kuliko kununua jingine.

Kulisafisha

1. Litikise, toa mchanga na majani, kisha lisimamishe au litandaze kwenye majani makavu.
2. Tumia maji ya uvuguvugu, sponji laini na sabuni laini isiyo na manukato, au ile sabuni maalumu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kambi. Sabuni ya unga hapana: hubaki kwenye kitambaa na kuvuta maji. Jiki hapana: hudhoofisha nyuzi. Dodoki na brashi ngumu pia hapana, vinakwangua utando.
3. Sugua palipochafuka tu, kisha suuza mpaka povu liishe.
4. Usilitie kwenye mashine ya kufulia wala ya kukaushia, hata kama dobi wa mtaani ana mashine kubwa namna gani. Mzunguko unararua mishono, na joto linaharibu utando.
5. Zipu zisafishe kwa mswaki mkuukuu. Punje za mchanga ndizo zinazozila. Mkipiga kambi ufukweni, suuzeni chumvi kwenye zipu na fito.

Ukungu ukishaingia, upanguse nje ya nyumba, kisha sugua kwa sabuni hiyo hiyo laini. Uvundo unaweza kupungua, lakini madoa meusi mara nyingi hayatoki. Usihangaike nayo mpaka ukatoboa kitambaa.

Kulikausha bila uwanja

Najua utasema, "Mimi nakaa chumba cha bweni, nitalianika wapi?" Litenganishe: kitambaa cha nje kiweke juu ya fimbo ya pazia la bafu, la ndani juu ya mlango, na dirisha uliache wazi. Ligeuze kila baada ya saa chache. Usiliegemeze kwenye hita. Siku ya upepo, hata bila jua, nusu saa uwanjani inasaidia sana. Jua kali nalo lisikae juu yake siku nzima bila sababu, maana miale yake inachakaza nailoni.

Kabla ya kulikunja, pitisha mkono kwenye mishono, pembe, mikanda ya vigingi na upande wa chini wa sakafu. Huko ndiko maji yanakojificha. Halafu lihifadhi likiwa limelegea ndani ya foronya au mfuko wa pamba, mahali pakavu. Ule mfuko wake wa kubana ni wa safarini tu.

Likianza kuvuja

Kwanza hakikisha linavuja kweli. Watu sita wakilala ndani wamefunga kila tundu, pumzi zao hugeuka matone asubuhi, na hapo dawa ni kuacha matundu ya hewa wazi tu. Lakini ukiona matone ya mvua hayatelezi tena, kitambaa kinayanywa, lisafishe kisha lipulizie dawa ya kuzuia maji kwa kufuata maelekezo ya chupa. Mishono ina gundi yake: hema la silikoni linataka gundi ya silikoni, la poliurethani linataka ya poliurethani. Ukikosea haishiki. Na tundu dogo lizibwe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, si mnajua.

Ombi langu

Hema la kila mtu huanikwa na nani? Ndiyo maana liliozea chumbani kwangu na hakuna aliyeuliza, nami sikusema. Napendekeza tuwe na daftari: anayelichukua aandike jina, na asihesabiwe amelirudisha mpaka mtu wa pili alipapase na kusema ni kavu. Likirudi na maji, walianike wawili siku hiyo hiyo, insha au hakuna insha.

Na mimi najiandikisha wa kwanza. Kila la heri kwenye mitihani, tuonane Septemba.