Gari dogo au gari kubwa: hesabu ya usalama kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayetafuta gari la kazi huanza na hesabu tatu: bei ya kununulia, ushuru na mafuta. Katika hesabu hizo gari dogo hushinda mara nyingi, na ndiyo maana Toyota Vitz na Honda Fit zilizotumika Japani zimejaa katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Somo la wiki hii linahusu hesabu ya nne, ambayo wengi huiacha mpaka siku ya ajali: je, gari dogo linamlinda aliye ndani sawasawa na gari kubwa?

Jibu fupi ni hapana, iwapo magari hayo mawili yatagongana. Hata hivyo, jibu hilo halimaanishi kwamba mnunuzi akimbilie gari lolote kubwa analoliona yadi.

Uzito unavyofanya kazi

Tuchukue gari la kilo 1,000 na gari la kilo 2,000 yanayogongana uso kwa uso, kila moja likiwa katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Yakinasana, yote mawili yatasogea kwa kilometa 20 kwa saa kuelekea kule lilikokuwa linakwenda gari zito. Gari zito limeshuka kutoka 60 hadi 20, yaani tofauti ya 40. Gari jepesi limetoka 60, likasimama, kisha likarudishwa nyuma kwa 20, yaani tofauti ya 80.

Mabadiliko hayo hutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, nayo ndiyo yanayoumiza mwili. Aliye katika gari jepesi amepokea mara mbili ya mwenzake, ingawa wote walikuwa katika mwendo mmoja.

Majaribio yanasemaje?

Mwaka 2009, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani inayogharamiwa na makampuni ya bima, IIHS, iligonganisha jozi tatu za magari: Honda Fit na Honda Accord, Toyota Yaris na Toyota Camry, Smart Fortwo na Mercedes C-Class. Kila gari lilikuwa katika mwendo wa kilometa 64 kwa saa. Magari yote matatu madogo yalipewa daraja la chini kabisa. Accord na Mercedes zilipata daraja la juu, na Camry daraja linalofuata. Msomaji akumbuke kwamba Yaris ya wakati huo ndiyo iliyouzwa Japani kwa jina la Vitz.

Jambo la kuzingatia ni kwamba magari hayo hayo madogo yalikuwa yamefanya vizuri katika jaribio la kawaida la kugonga kizuizi. Jaribio hilo hulingana na kugongana na gari la uzito ulio sawa. Kwa hiyo nyota nne za gari dogo na nyota nne za gari kubwa si bidhaa moja. Nyota hulinganisha magari yanayokaribiana uzito.

Ukubwa peke yake si dhamana

Mwaka huo huo wa 2009, taasisi hiyo iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Bel Air ni gari refu lenye bodi nene, na uzito wa magari hayo ulikaribiana. Pamoja na hayo, sehemu ya dereva ya Bel Air ilipondeka kiasi ambacho mtu asingepona, wakati dereva wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. Gari la kisasa hujengwa ili sehemu ya mbele ibonyee na kumeza nguvu ya ajali, huku sehemu wanamokaa watu ikibaki imara.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Afrika Kusini. Katika majaribio ya Global NCAP ya magari yanayouzwa huko, Toyota Etios, gari dogo, ilipata nyota nne mwaka 2017 kwa ulinzi wa watu wazima. Mwaka 2018 pikapu ya Nissan NP300 Hardbody haikupata hata nyota moja, ingawa ilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Nchini India mwaka 2014, Volkswagen Polo isiyo na mifuko ya hewa ilipata sifuri, na ile yenye mifuko miwili ikapata nyota nne. Tofauti hapo ni vifaa, wala si ukubwa.

Mbele ya lori

Barabara zetu kuu ni za malori na mabasi. Turudie hesabu yetu kwa lori la tani 30, mwendo ule ule wa 60. Gari la kilo 1,000 litapata mabadiliko ya mwendo ya kilometa 116 hivi kwa saa. Gari la kilo 2,000 litapata 112 na nusu. Uzito ulionunuliwa kwa mamilioni umeokoa kilometa zisizofika nne. Mbele ya lori, kila gari ni gari dogo.

Kinachobaki mkononi mwa dereva ni mwendo. Nguvu ya ajali hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 100 hadi 80 kwa saa hupunguza asilimia 36 ya nguvu hiyo. Punguzo hilo halina ushuru, na hupunguza pia gharama ya mafuta.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

1. Gari litafanya kazi wapi? Kwa mizunguko ya mjini, gari dogo bado lina hoja. Kwa safari ndefu za mikoani kila wiki, uzito na uimara vihesabiwe ndani ya bei.

2. Kati ya gari kubwa la zamani na dogo la karibuni kwa bei moja, tazama kwanza matokeo ya majaribio na vifaa vya usalama.

3. Washa swichi. Taa ya mfuko wa hewa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, au isipozima, dai maelezo na punguzo, au ondoka.

4. Vuta kila mkanda, pamoja na ya nyuma. Mfuko wa hewa umetengenezwa kufanya kazi pamoja na mkanda.

5. Soma bima yako. Bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako mwenyewe. Katika biashara ya gari moja na dereva mmoja, ajali moja inaweza kuondoa mtaji na mtafutaji kwa siku moja.

Anayenunua gari dogo kwa sababu mtaji ndio huo hajakosea. Ila ajue alichopunguziwa katika bei hiyo, na akifidie kwa mkanda, vifaa vizima na mwendo wa wastani.