SOMO: TUMWAMINI FUNDI WA KUREKODI MWENYE JINA BAYA?



Vijiji vyetu vina kwaya nzuri, ngoma na bendi. Kikundi kikipata nauli hutuma wajumbe Dar es Salaam, wakatafute mtu wa kurekodi nyimbo zao na kuzisambaza. Wengi hufikia Kariakoo. Huko humkuta fundi mwenye studio ndogo. Bei yake ni nafuu na kazi yake inasikika vizuri. Lakini majirani wananong'ona: "Bwana yule? Zamani alikuwa akinakili nyimbo za watu bila ruhusa!"

Je, wajumbe wafanye nini? Waondoke, au wampe kazi? Hilo ndilo somo letu la leo.

JINA BAYA LILITOKA WAPI?

Zamani nchi yetu haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, au zilikwenda Nairobi. Kanda za kaseti zilipoenea, mambo yalibadilika. Mtu mwenye mashine ndogo tu aliweza kunakili wimbo wa mwenzake na kuuza. Mwenye wimbo hakupata hata senti. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwapo, lakini haikuwatisha watu hao.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mpya, na COSOTA ikaundwa kusimamia hakimiliki. Baadhi ya watu waliokuwa wakinakili bila ruhusa waligeuka wasambazaji halali. Wakaanza kununua kazi kwa wenyewe. Hata hivyo malalamiko hayakwisha. Wanamuziki wengi waliuza kazi zao moja kwa moja kwa fedha kidogo. Hawakujua ni nakala ngapi zimeuzwa.

Siku hizi kanda zimetoweka. Nyimbo hutiwa katika simu na flashi. Njia imebadilika, lakini wizi ni ule ule.

Habari hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mtu anaweza kubadilika. Pili, kuwa na duka halali siyo kusema kwamba atalipa kwa haki. Basi tusimpime mtu kwa jina la zamani peke yake, wala kwa maneno matamu ya leo. Tumpime kwa mambo tunayoweza kuyaona.

MAMBO YA KUCHUNGUZA

1. Tafuteni watu watatu aliowarekodi miaka ya karibuni. Wachagueni nyinyi wenyewe, si yeye. Waulizeni: Aliwalipa? Aliwalipa lini? Mlipotaka hesabu, aliwaonyesha daftari?

2. Mwulizeni fundi mwenyewe habari za zamani, kwa adabu. Akisema, "Ni kweli, nilifanya hivyo, na fulani nilimlipa," nendeni kwa huyo fulani mkahakikishe. Akifoka tu, hilo nalo ni jibu.

3. Ombeni mkataba wa maandishi. Nyinyi mnajua kusoma. Usomeni pole pole, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi. Akisema, "Aa, sisi ni ndugu, karatasi za nini?" msikubali. Hata ndugu huandikiana.

4. Msiache nakala halisi ya pekee mikononi mwake. Ondokeni na nakala yenu kamili. Ulizeni pia COSOTA namna ya kuandikisha nyimbo zenu.

TUPIGE HESABU

Tuseme fundi anawapa njia mbili:

Njia ya kwanza: Shilingi 300,000 mara moja, na nyimbo ziwe zake daima.

Njia ya pili: Nusu ya mapato, na nyimbo zibaki zenu.

Mapato yakiwa shilingi 1,000,000, nusu yake ni 500,000. Hapo njia ya pili inawazidishia 200,000. Mapato yakiwa 400,000, nusu yake ni 200,000. Hapo mmepungukiwa 100,000. Njia hizi zinalingana mapato yakifika 600,000.

Lakini angalieni! Mapato hayo anayahesabu nani? Ni fundi. Kama hamwezi kuliona daftari lake, nusu ya mapato ni maneno tu. Anaweza kupata milioni akasema laki mbili. Njia ya kwanza nayo ina hatari yake. Fedha mnazishika leo, lakini wimbo umekwenda, hata ukipendwa nchi nzima.

Kuna njia ya katikati. Mpeni nyimbo mbili tu, si zote kumi. Mpeni ruhusa ya mwaka mmoja, si ya daima. Mwombeni awape fedha kidogo za kutangulia, na hesabu kila baada ya miezi mitatu. Akitimiza, mwaka wa pili mwongezeeni. Asipotimiza, mmepoteza kidogo, na nyimbo nane bado ni zenu.

Mtu mwenye jina baya aliyebadilika kweli hatachukia masharti hayo. Yatamsaidia kulisafisha jina lake. Na mtu mwenye jina zuri naye mpeni masharti hayo hayo, kwani jina zuri halilipi watu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Hakimiliki: haki ya mwenye kazi kuamua nani ainakili na kuiuza.
Mkataba: mapatano yanayowafunga watu wa pande mbili.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tuwachague wenyewe watu wa kuwauliza?
2. Mapato yakiwa shilingi 750,000, njia ipi inawafaa zaidi? Kwa kiasi gani?
3. Katika kijiji chenu, ni nani atakayetunza mkataba na nakala ya nyimbo zenu?