Simu Haijui Kuwa Unaishi Kando ya Ziwa

Kijitabu kwa wakazi wa Mkuyuni na mwambao wa Ziwa Victoria

Tumbo linakata. Chooni umeona damu. Ni usiku, zahanati imefungwa, na jambo lenyewe si la kumwambia jirani. Unanunua bando la mia tano, unaandika kwenye simu: "kujisaidia damu ni dalili ya nini".

Hatukulaumu. Simu haikufokei, wala haikuulizi ulikuwa wapi siku zote. Kuanzia sokoni hadi vijiwe vya bodaboda, wengi wetu huanzia hapo. Kijitabu hiki hakikukatazi kutafuta. Kinakueleza jambo ambalo simu haitakuuliza.

Majibu yatataja bawasiri, amiba, vidonda vya tumbo, pengine saratani. Si uongo, yote hayo huweza kuleta damu. Ila aliyeyaandika hajui kwamba ulianza kuoga ziwani ukiwa mtoto, kwamba unavuta nyavu maji yakiwa kiunoni, au kwamba unafulia ufukweni kila Jumamosi. Kwetu hapa, swali la maji ya ziwa linatangulia, kwa sababu damu kwenye choo ni moja ya dalili za kichocho cha tumbo.

Kichocho huenea hivi. Mwenye minyoo ya kichocho anajisaidia ziwani, au karibu nalo mvua ikasomba. Mayai yanaanguliwa majini, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaliana humo, kisha vinatoka vikiwa tayari kupenya ngozi ya mtu. Si lazima unywe maji hayo, kusimama ndani yake kunatosha. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai mengine hunasa kwenye ini. Miaka ikipita bila tiba, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na siku moja mgonjwa anatapika damu. Hapo ndipo maneno ya kurogwa yanapoanza.

Kipimo chake ni choo kikubwa kinachotazamwa kwa hadubini. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa uzito au urefu wa mgonjwa. Ukirudi kwenye maji yaleyale unaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo usishangae ukiambiwa upime upya.

Sasa mfikirie muuzaji wa dawa mtandaoni. Umemwandikia neno "damu", naye amekujibu kuwa ni bawasiri, akakutumia picha ya chupa na namba ya kulipia. Hajakupima, hajakuuliza unafanya kazi gani. Fedha utakayomtumia inauma, lakini kinachouma zaidi ni miezi utakayokunywa chupa hiyo huku minyoo ikiendelea kutaga.

Kuhusu shuhuda

"Mimi nilikunywa nikapona" ni maneno yenye nguvu kuliko tangazo lolote. Tuliyaona mwaka 2011, kabla vikundi vya WhatsApp havijajaa kwenye simu zetu. Habari za kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kilichotolewa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, zilipita mdomo kwa mdomo na kwenye magazeti hadi magari yakapanga foleni ndefu porini. Wapo waliofia kwenye foleni hiyo. Hatuwataji ili kuwadharau, walikuwa watu wenye maumivu na matumaini. Tunachoomba ukumbuke ni kwamba aliyepata nafuu husimulia, na aliyezidiwa hana tena sauti ya kurekodi. Shuhuda mia zikikufikia, zote zimetoka upande mmoja.

Na majibu ya vipimo, yako au ya mtoto wako, usiyatume kwenye kikundi ili watu wakusomee. Picha ikishatoka hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kusambaza za mwenzako bila ridhaa yake ni kumkosea.

Wa kuuliza

Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure, na anayejibu unaweza kumwuliza kwa Kiswahili chako cha kawaida. Mjamzito akitokwa damu au akipata degedege, usitafute chochote mtandaoni: piga 115, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama, ambao majirani zetu wa Sengerema walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutumia. Mtoto anayedegedeka, au mtu anayetapika damu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Sekou Toure na Bugando hupokea wagonjwa wa dharura usiku na mchana.

Kwa mengine, ulichosoma kihifadhi uende nacho. Mwonyeshe nesi au daktari, umwambie, "Nimekutana na hili, limenitia hofu." Watoa huduma nao tunawasihi wasimcheke mtu aliyesoma, amefika kwa sababu anajali mwili wake. Kisha mweleze mwenyewe, hata asipouliza, unaoga wapi, unafanya kazi gani, na lini mara ya mwisho uliingia ziwani.